Gari la Mkunga Lilivyorudi

Gari la Mkunga lilirudi Jumanne saa mbili asubuhi, likiyumba nyuma kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Nililisikia kabla sijaliona. Lilipopanda tuta la saruji pale getini liligonga, chuma kwa chuma, na nikajua mlio ule unatoka nyuma, upande wa kushoto. Upande wa kushoto ndio tulioutengeneza miezi mitatu iliyopita.

Mjomba naye alisikia. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akifunga kamba za viatu, kazi ambayo siku hizi inamchukua muda kwa sababu ya mgongo wake. Aliacha kamba moja bila kuifunga.

"Ni lile?"

"Ni lile, Mjomba."

"Haya," alisema, akabaki amekaa vilevile, mikono juu ya magoti.

Gereji yetu ni paa moja la mabati lenye mafundi wanne chini yake. Mwenyewe ni Bi Mkubwa, mjane wa fundi aliyeijenga. Bi Mkubwa hashiki spana, lakini sheria za marehemu mumewe anazishika zote. Sheria ya kwanza ni ya rangi. Kila fundi ana kikopo chake kidogo cha rangi, na bolti ikishakazwa mwisho wa kukazwa, anachora mstari kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma kinachoishika. Mstari ukikatika, bolti imezunguka. Na rangi yenyewe inasema nani alikaza. Ya Mjomba ni njano. Fundi umeme, tunayemwita Kipara, hana rangi. Anasema nyaya zake zikikosewa zinajitangaza zenyewe kwa moshi.

Sheria ya pili aliitunga Bi Mkubwa mwenyewe mwanzoni mwa mwaka, wateja walipoanza kulalamika. Fundi ambaye rangi yake itarudi na ubovu uleule mara tatu ndani ya mwaka mmoja, akusanye vyombo vyake, apishe wengine. Rangi ya njano ilikuwa imesharudi mara mbili. Wote tulijua hesabu hiyo, hata Kipara ambaye hujifanya hajui lolote.

Bi Mkubwa alitoka ofisini, miwani imening'inia kifuani. Alimwamkia Mkunga, maana Mkunga ni mkubwa wake na ndiye aliyemzalisha watoto wake wote, kisha akaniomba tochi. Aliinama nyuma ya gurudumu akatazama kwa muda. Mstari wa njano ulikuwa mzima, haujakatika.

"Alama ya nani hii?"

Aliuliza kama vile hajui.

"Yangu," Mjomba alijibu.

"Ya tatu, shemeji."

"Ya tatu."

Bi Mkubwa alizima tochi. Humwita shemeji kwa sababu Mjomba na marehemu mumewe walianza ufundi pamoja, wakilala chumba kimoja. "Nilisema mbele ya watu wote," alisema taratibu. "Siwezi kula maneno yangu. Lakini fungua kwanza uone. Kama ni spea mbovu, hilo si lako. Tukifunga saa kumi na moja, njoo ofisini uniambie."

Alipoondoka, Kipara akasogea na waya zake mabegani. "Kaka, sema ni spea feki, yaishe. Siku hizi kila kitu feki, mpaka nywele."

"Wewe nywele umezijulia wapi?" Mkunga alimuuliza.

Tukacheka kidogo. Mjomba hakucheka. Mkunga akachukua mkoba wake, akatuambia ana mzazi anamsubiri na leo ataenda kwa miguu, na kwamba mtoto akizaliwa yeye akiwa bado njiani ataambiwa ni kwa sababu yetu.

Tulilinyanyua gari kwa jeki, tukaliweka juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yakaning'inia. Mimi ndiye ninayeingia chini. Mama alinileta kwa Mjomba nilipomaliza shule ya msingi, nije kumsaidia kufagia na kumpa spana, na mgongo wake ulipoharibika nikaanza kuingia chini badala yake. Yeye hukaa kwenye ndoo, husikiliza, huniambia. Ana masikio makali. Anaweza kukuambia nati imeshika resi, zile nyuzi za bolti, vibaya kabla mkono wako haujajua.

Gurudumu la nyuma hushikwa na kipande kirefu cha chuma, sisi tunakiita mkono. Mwisho wake kuna tundu, ndani ya tundu kuna bushi. Bushi ni bomba dogo la chuma lililozungukwa na raba nene, na bolti hupita katikati yake ikaufunga mkono kwenye masikio mawili ya chuma chini ya bodi. Gari likipanda na kushuka, raba ndiyo inayojipinda kidogo na kurudi.

Upande wa kushoto ulifunguka bila tabu, kwa kuwa tuliupaka grisi ile mara ya kwanza. Nikausukuma mkono chini, nikaigonga bushi ikatoka, nikampa Mjomba. Ilikuwa imechanika pande zote. Lakini haikuwa imechanika kama raba kuukuu inayomeguka. Raba yenyewe ilikuwa laini, inang'aa, bado ina harufu ya upya. Michaniko yake yote ililala upande mmoja, kama kitambaa kilichokamuliwa na kuachwa hivyohivyo.

Mjomba aliingiza kidole gumba kwenye mchaniko. Akaigeuza bushi. Akatazama gurudumu linaloning'inia, kisha akaitia bushi mfukoni mwa ovaroli.

"Raba mbovu?" nilimuuliza.

"Twende kulia."

"Mjomba, ni raba mbovu?"

"Nimesema twende kulia, mama."

Akiniita mama ujue amechoka, au anaficha kitu.

Upande wa kulia ulikuwa haujawahi kufunguliwa tangu gari litoke kiwandani, na gari lenyewe ni la miaka mingi kuliko mimi. Mara ile ya kwanza tuliujaribu, bolti ikagoma, Mjomba akasema tuuache maana bushi bado ina nguvu. Safari hii haikuwezekana kuuacha. Nao ulikuwa umeanza kulegea.

Nati ilitoka baada ya nusu saa ya mafuta ya kulegeza kutu na bomba refu lililovishwa kwenye spana. Nilifurahi bure. Bolti ilizunguka, lakini haikutoka hata unene wa ukucha. Ilikuwa imeshikana kwa kutu na lile bomba dogo la bushi, vimekuwa kitu kimoja, na nilipozungusha nilikuwa naizungusha raba tu. Nikagonga kwa nyundo. Kutu ikamwagika usoni.

"Usigonge tena," Mjomba alisema kutoka kwenye ndoo. "Inasikika imekufa. Unaipanua kichwa bure."

"Tulete gesi ya kukatia?"

"Tangi la mafuta liko wapi?"

Nikatazama. Lilikuwa kiganja kimoja na nusu kutoka pale.

"Basi," alisema.

Grenda ya kukatia nayo haikuenea. Ikabaki msumeno, na si msumeno mzima, ni ule wembe wake tu, umefungwa kitambaa upande mmoja upate pa kushika. Ilibidi nikate bolti mara mbili, kati ya bushi na sikio la chuma huku, kisha huku. Nafasi ya kupita wembe ni kama unene wa sarafu. Huwezi kuvuta kwa nguvu, utauvunja. Unavuta taratibu, unasukuma taratibu, umelala chali, shingo juu, na kila ukivuta unga wa chuma unakushukia kwenye kope.

Saa nne ikapita. Saa tano. Nilivunja wembe wa kwanza, Mjomba akanipa wa pili. Alinyamaza mno siku ile. Kwa kawaida husimulia, huwatukana wateja chinichini, humkumbuka marehemu. Safari hii niliposimama kupumzika nilimwona ameshika ile bushi iliyochanika, anaigeuza.

Mkunga akarudi mchana, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba. Bado mnasukuma tu?" Akainama akanichungulia. "Mimi tangu asubuhi nimetoa mapacha, wazima wote wawili, mama yao ameshakunywa uji. Ninyi bolti moja!"

"Ya kwako ina haraka ya kutoka," Mjomba alisema. "Hii haitaki."

"Basi mpasue."

"Ndiyo tunampasua hivyo."

Mkunga alicheka mpaka akashika paa la gari. Kisha akamtazama Mjomba usoni, kicheko kikaisha. "Na wewe unaumwa?"

"Nimechoka tu."

"Uchovu nao ni ugonjwa, fundi, sema dawa yake mimi sina." Akaenda kukaa kivulini na soda yake, akalala hapohapo ameketi.

Nikarudi chini. Ukikata chuma kwa wembe kwa muda wa saa tatu, mkono unafanya kazi wenyewe na akili inabaki haina la kufanya. Akili yangu ikaanza kuutazama ule mkono wa gari, upande wa kushoto, uliokuwa unaning'inia chini kama wa mtu aliyelala. Nikajiuliza, gari likishuka likakaa kwenye matairi, huu mkono utakuwa wapi? Utapanda. Utapanda karibu shubiri nzima. Na raba je? Kama bolti imekazwa mkono ukiwa chini, bomba la ndani limebanwa palepale, haliwezi kugeuka. Mkono ukipanda, raba inajipinda. Na gari haliishi hewani. Linaishi chini. Kwa hiyo raba inabaki imekamuliwa mchana na usiku, hata gari likiwa limesimama, na kila shimo la barabarani linaikamua zaidi.

Niliacha kuvuta msumeno.

Miezi mitatu iliyopita, tulipokuwa tunamalizia upande wa kushoto, mgongo wa Mjomba ulimkamata. Alilala kwenye benchi hawezi kugeuka. Mkunga alikuwa anasubiri, ameitwa mahali kuna mtoto anakuja vibaya. Mjomba ana desturi ya kukaza mwenyewe. Mimi hufungua, huvua, huvisha, lakini mkazo wa mwisho ni wake, anashuka hivyohivyo na maumivu yake. Siku ile hakuweza. Aliniambia, "Kaza wewe, piga na rangi." Na mimi nilikaza, nikaning'inia kwenye bomba kwa uzito wangu wote nikijisikia fundi. Gari likiwa juu ya stendi. Kisha nikachovya brashi kwenye kikopo chake nikachora mstari wa njano, ulionyooka kuliko yake.

"Mbona umenyamaza?" Mjomba aliuliza.

"Napumzika."

"Pumzika."

Nilivuta msumeno. Wembe wa nne ndio uliopita upande wa mwisho, na ule mkono ukadondoka, ukanikosa bega kidogo. Mjomba akasema "Ah!" kama mtu aliyetuliwa gunia.

Tulivua mikono yote miwili, tukaivisha bushi mpya kwenye jiliwa, moja kulia moja kushoto. Tukarudisha mikono, tukapitisha bolti mpya zilizopakwa grisi. Nikazungusha nati kwa vidole, nikanyoosha mkono kuchukua spana ndefu.

"Acha hapo," Mjomba alisema. "Vidole tu. Shusha gari kwanza."

Alileta mwenyewe vipande vinne vya mbao nene, akavipanga chini ya matairi, tukalishusha gari likakaa juu yake kwa uzito wake, likiacha nafasi ya mtu kupita chini. Kisha akavua kofia. Kumtazama anaingia chini ni kazi yenyewe. Alipiga goti moja, akapumzika. La pili, akapumzika. Akalala ubavu, akajivuta kwa viwiko. Nikaingia upande wa pili, tukawa tumelala uso kwa uso, mkono wa gari katikati yetu.

Alikaza kushoto. Akapiga rangi, mstari ukapinda.

"Mjomba. Ile siku nilikaza likiwa hewani."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Uliponipa bushi."

"Na mbona umekaa kimya kutwa nzima?"

"Nikwambie nini? Nilikutuma kazi ambayo sijakuonyesha. Rangi ni yangu." Akasogea kulia, sentimita kwa sentimita. "Nitamwambia spea ni nzuri, kosa ni langu. Nitakusanya vyombo."

"Kwa ajili yangu?"

"Wewe usijipambe. Nimechoka, mama. Miaka thelathini na moja ya kulala chali. Nitakaa kwenye kiti."

"Huwezi kukaa kwenye kiti. Mkazamjomba atakufukuza kabla chai haijapoa."

Alicheka, kicheko kikamuuma mgongo, akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yana maji, sijui ni ya kicheko au ya nini. Nilikumbuka Jumapili zake. Huzunguka nyumba akikaza bawaba ambazo hazijalegea. Mtu kama yule ukimtoa kwenye vyuma unamtoa kwenye pumzi.

Saa kumi na moja Mkunga aliondoka na gari lake. Lilipanda tuta bila kelele. Mjomba alinawa mikono, akaenda ofisini. Nikamfuata.

"Wewe sikukuita," Bi Mkubwa aliniambia.

"Najua, Bi Mkubwa."

"Haya, shemeji. Spea ilikuwaje?"

"Nzuri," Mjomba alisema. Akaitoa bushi mfukoni akaiweka mezani. "Kosa ni la—"

"Langu," nikasema. "Nilikaza mimi. Gari likiwa hewani. Mjomba alikuwa amelala kwenye benchi, Kipara alimwona, muulize. Rangi nilipiga mimi."

Bi Mkubwa alivaa miwani akanitazama, akamtazama Mjomba. "Nani alimwambia apige rangi yako?"

"Mimi," Mjomba alisema.

"Kwa hiyo nilikuwa nasoma rangi inayonidanganya. Miezi mitatu." Nje mtu alikuwa anaburuta mnyororo wa geti. "Shemeji, kama hukukaza wewe, siwezi kukuhesabia. Ni mbili, si tatu. Unabaki."

Nikasema asante.

"Subiri kwanza. Wewe hutaingia chini ya gari lolote hapa mpaka mwaka uishe. Utakaa stoo, utatoa vyombo na kupokea. Mwakani ukitaka kukaza, utakuwa na kikopo chako, na jina baya litakuwa la kwako mwenyewe."

"Sawa, Bi Mkubwa."

Ndipo nikamgeukia Mjomba. Sikuona furaha. Alikuwa anayatazama magoti yake, kama mtu anayesoma barua ndefu.

"Na chini ataingia nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Bi Mkubwa alivua miwani, akaikunja. Si mtu mbaya. Nadhani alijijibu mwenyewe moyoni kwanza. "Ataingia anayekaza," alisema.

Njiani kurudi nyumbani Mjomba alitembea taratibu mpaka tulipofika kona ya mwisho. Hapo alisimama akashika ukuta wa watu.

"Ungeniacha niende," alisema.

"Ulitaka kwenda?"

"Sijui." Akapumua. "Sasa hatutajua."

Asubuhi nilifungua dirisha la stoo nikapanga spana mezani. Gari la kwanza lilikuwa teksi, bolti sita, kazi ambayo ningeimaliza kabla ya chai. Mjomba alikuja dirishani.

"Spana ya kumi na saba. Na bomba."

Nikampa. Nilimwona akipiga goti moja, akapumzika, la pili. Kipara alishuka kwenye ngazi yake akaenda kumshikia bega, bila utani wowote, na Mjomba akakubali kushikwa. Miguu yake ikabaki nje, vidole juu. Nikasikia spana ikiteleza, akatukana. Nilishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili nisitoke.

Alikaa chini kule mpaka jua likafika kwenye mlango wa stoo. Alipotoka, uso ulikuwa mweusi kwa mafuta na shati limemganda mgongoni. Alinirudishia spana, ina joto la mkono wake.

"Ngapi?" nilimuuliza.

"Mbili. Zimebaki nne. Nipe maji."

Nikampa kikombe. Ndoo yake ilikuwa palepale, hatua tatu tu, lakini hakwenda. Aliyanywa amesimama, maana akikaa itabidi ainuke tena.